Dunia Isiyokuwepo

Je, mtu aliyebuni dunia kichwani mwake ana wajibu wowote wa kusema kweli juu ya dunia hiyo? Wengi watajibu upesi kwamba hana. Maadamu dunia yenyewe haipo, watasema, ukweli wake utatoka wapi? Mimi nami niliamini hivyo kwa muda wote wa kazi yangu ya ualimu. Aliyenitoa katika imani hiyo ni mjukuu wangu, msichana wa darasa la sita, na vifaa alivyotumia ni mpira mkuukuu wa miguu, magazeti na uji wa unga wa ngano. Katika kunitoa huko alinikumbusha kosa langu moja la kazini, ambalo nitalieleza mahali pake.

Alikuja kwangu likizo ya Desemba. Baada ya shikamoo na marahaba, na kabla hata hajanywa maji, alikunjua mezani karatasi kubwa. Ilikuwa kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, na nyuma yake alikuwa amechora ramani ya dunia ambayo haipo. Mashariki kabisa, ukingoni mwa karatasi, palikuwa na ufalme wa Macheo. Magharibi kabisa, ukingo wa pili, palikuwa na ufalme wa Machweo. Katikati zilikaa nchi tano, milima, mto uliojigawa mara tatu, na bahari moja yenye umbo la ndizi. Juu, kutoka ukingo hadi ukingo, ilitandazwa nchi ya Barafu. Mfalme wa Barafu aliwatisha wenzake wote kwa sababu nchi yake ilikuwa kubwa kupita zote. Katika daftari alikuwa akiandika hadithi ya msichana tarishi aliyetumwa kutoka Macheo kupeleka barua Machweo, safari ya miaka saba.

"Babu," akasema, "nataka iwe tufe, kama lile la shuleni."

Nikamkubalia papo hapo. Nilidhani ni kazi ya alasiri moja. Kumbe usilolijua ni usiku wa giza.

Nilianza kama ambavyo ningeanza darasani. Nilimwambia aishike karatasi na kuikunja iwe kama bomba, ukingo wa mashariki ukutane na ule wa magharibi. Akaikunja, akaitazama, akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Babu, mbona Macheo na Machweo zimegusana?"

Nikamweleza kwamba ndivyo dunia ya mviringo ilivyo. Ukienda mashariki bila kukoma unatokea magharibi. Ukingo uko kwenye karatasi, hauko kwenye dunia.

"Basi tarishi wangu ametembea miaka saba kwenda kwa jirani?"

Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Aliona jambo ambalo mimi sikuwa nimeliona bado, kwamba hadithi yake yote ilisimama juu ya ukingo wa karatasi. Watu wa Macheo na wa Machweo walikuwa maadui kwa sababu ya umbali, na umbali huo ulikuwa umetokana na upana wa kalenda. Hakuwa ameuchagua. Alikuwa amefika mwisho wa karatasi akaacha kuchora, nasi huwa tunadhani kwamba mahali tulipoacha kuchora ndipo dunia ilipoisha.

Siku ya pili tulipambana na upande wa juu. Bomba si tufe. Ili liwe tufe, mdomo wa juu lazima ufungwe uwe nukta moja, yaani ncha ya kaskazini, na wa chini vilevile. Nikachukua chungwa, nikalimenya kwa uangalifu, nikamwambia ajaribu kulibandika ganda lake mezani liwe bapa. Likapasuka. Akajaribu na lingine, likapasuka tena. Huo si udhaifu wa machungwa. Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani, Carl Friedrich Gauss, alitoa kanuni ambayo kutokana nayo tunajua kwamba hakuna njia yoyote, hata iwe ya ustadi namna gani, ya kuutandaza uso wa tufe kwenye karatasi bapa bila kupotosha kitu. Unaweza kuhifadhi maumbo ukapoteza ukubwa, au kuhifadhi ukubwa ukapoteza maumbo. Kuhifadhi yote pamoja haiwezekani. Na kama haiwezekani kutoka tufe kwenda karatasi, kadhalika haiwezekani kutoka karatasi kwenda tufe.

Tukapiga hesabu. Kwa bahati ramani yake ilikuwa na upana mara mbili ya kimo chake, nao ndio uwiano unaofaa, kwa kuwa kuizunguka dunia kwenye ikweta ni digrii 360, na kutoka ncha hadi ncha ni digrii 180. Nchi ya Barafu ilianzia latitudo ya 60 hadi ncha. Kwenye karatasi hiyo ni sehemu moja ya sita ya ramani nzima. Kwenye tufe, eneo lililo kaskazini ya latitudo ya 60 ni karibu sehemu moja ya kumi na tano tu ya uso wote. Ufalme uliokuwa ukitisha dunia ukawa kofia ndogo juu ya mpira.

"Nani kamnyang'anya nchi yake?" akauliza kwa hasira, kama kwamba mimi ndiye niliyeipora.

"Hakuna aliyemnyang'anya, mama. Hakuwa nayo tangu mwanzo. Aliyokuwa nayo ni karatasi."

Akaninong'oneza, kana kwamba mfalme angesikia, "Kumbe ramani yake ilikuwa ikimdanganya?"

Swali hilo lilinirudisha ofisini kwangu. Nyuma ya kiti changu cha ualimu mkuu ilining'inia ramani ya dunia iliyochorwa kwa mtindo wa Gerardus Mercator, mchoraji wa ramani aliyetoa mtindo huo mwaka 1569. Mercator hakuwa na nia mbaya. Aliwachorea mabaharia. Kwenye ramani yake, chombo kinachofuata upande mmoja wa dira bila kugeuka huonekana kikienda kwenye mstari mnyoofu, na kwa nahodha hilo ni jambo la kufa na kupona. Gharama ya faida hiyo ni kwamba nchi zilizo karibu na ncha huvimba. Greenland huonekana kama inalingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara kumi na nne. Hata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake inaizidi Greenland. Ramani iliyotengenezwa kwa ajili ya usukani ilitundikwa ukutani mwa madarasa, mbele ya watoto ambao hawakuwa na chombo wala dira, nao wakajifunza kutoka kwayo ni nani mkubwa na ni nani mdogo. Nilikaa chini ya ramani hiyo miaka mingi. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia mwanafunzi hata mmoja kile ilichopotosha.

Basi mjukuu wangu alikuwa na njia tatu, nami nilimwekea zote mezani. Njia ya kwanza ni kukubali kwamba ramani ilitanua nchi za juu, hivyo mfalme wa Barafu ana nchi ndogo. Njia ya pili ni kushikilia ukubwa wa nchi hiyo. Hapo itabidi iteremke kusini na kuwameza majirani, kwa sababu juu hakuna tena nafasi. Njia ya tatu ni kusema kwamba karatasi haikuonyesha dunia nzima, ilionyesha sehemu tu, na nyingine haijachorwa bado. Kila njia ina bei yake. Nilimwambia kwamba yeye ndiye mwenye dunia, achague, ila asidhani kwamba atapata kitu cha bure.

Hakuchagua siku hiyo. Alikaa nayo siku tatu, na chakula chenyewe alikula kwa kulazimishwa. Watu wazima nao wamewahi kukosa usingizi kwa jambo kama hili. Mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien, aliyefariki mwaka 1973, alibuni ulimwengu mzima wenye lugha zake na historia zake. Katika masimulizi yake, yaliyochapishwa mwaka 1977 katika kitabu The Silmarillion, dunia hiyo mwanzoni ilikuwa bapa, kisha ikafanywa kuwa mviringo baada ya wanadamu kuvunja katazo na kusafiri kwa merikebu zao hadi nchi waliyokatazwa kuifikia. Hata hivyo katika miaka yake ya uzeeni alisumbuka, akafikiria kubadili masimulizi ili dunia iwe mviringo tangu mwanzo. Hakuna hakimu ambaye angemshitaki kama angeiacha bapa. Lakini dhamiri yake ya mtungaji haikutulia.

Siku ya nne mjukuu wangu alikuja na uamuzi. Kuhusu mfalme wa Barafu, alichukua njia ya kwanza. Nchi ni ndogo, na mfalme hajui, kwa sababu mchora ramani wake anaogopa kumwambia. Nilimtazama mtoto yule nikajiuliza amejifunza wapi mambo ya wakubwa. Kuhusu Macheo na Machweo, alichukua njia ya tatu. Alitaka bahari kuu kati yao, upande wa nyuma wa dunia, ambayo hakuna aliyewahi kuivuka. Nikamwonya kwamba mzingo wa mpira hauongezeki, kwa hiyo akiweka bahari, nchi zote zitabanwa. Akafikiri, akasema, "Zibanwe. Lakini zibanwe zote sawa."

Msomaji anayetaka kujaribu kazi hii nyumbani, na ajue tulivyofanya. Tulichukua mpira mkuukuu wa miguu, tukaubandika magazeti kwa uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, huku kila tabaka likikauka kwanza juani, mpaka mzingo wake ukafika sentimita 72. Halafu, kwenye karatasi nyepesi, tulichora vipande kumi na viwili vyenye umbo la jani la mwembe, vilivyochongoka juu na chini. Kila kimoja kilikuwa na kimo cha sentimita 36 na upana wa sentimita 6 penye ikweta. Upana huo hupungua kadiri unavyopanda: penye latitudo ya 30 ni sentimita 5.2, penye 45 ni 4.2, penye 60 ni 3 tu, penye 75 ni 1.6, na nchani ni sifuri. Njia hii ni ya kale. Martin Waldseemüller alichapisha vipande kumi na viwili vya namna hiyo mwaka 1507. Tahadhari ni moja: usiikate ramani ya zamani ukadhani itaenea, maana utakata na nchi za watu. Igawe kwa miraba, kisha uhamishe yaliyomo, mraba kwa mraba, ukiyabana kufuata upana mpya wa jani.

Tulitumia majani kumi kwa nchi zake, na mawili tukayaacha kwa bahari ile ya nyuma. Hapo likazuka swali la mwisho. Achore visiwa humo? Nilimsimulia habari za Martin Behaim, ambaye usimamizi wake mjini Nuremberg ulitoa, mnamo mwaka 1492, tufe la dunia ambalo ndilo kongwe kati ya yaliyosalia. Juu ya tufe hilo Marekani haipo. Kati ya Ulaya na Asia pamewekwa bahari na visiwa, kwa sababu tufe halina ukingo wa kujificha, na mahali usipopajua panakutazama sawa na unapopajua. Mjukuu wangu alisikiliza, akachukua kalamu, na juu ya yale majani mawili ya buluu akaandika neno moja: BADO.

Tufe lile liko juu ya kabati langu la vitabu. Viungo vyake havikukutana vizuri, na mto mmoja umeruka nusu sentimita kutoka kwenye kitanda chake. Hata hivyo kila nikiliona huwaza juu ya kibuyu.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Wanachuo wa ualimu waliletwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, na mmoja wao, kijana mwembamba mpole, alipewa jiografia ya darasa la tano. Siku moja nilisikia kelele kutoka darasani mwake. Nikaenda na daftari langu. Niliwakuta watoto wamelizunguka dawati, juu yake kuna kibuyu cha mviringo kilichopakwa chokaa, nao wanakichora kwa makaa. Ukutani palikuwa na karatasi ya manila yenye ramani ya nchi nisiyoitambua.

"Mwalimu, hii ni nchi gani?"

"Haipo, Mwalimu Mkuu. Tumeibuni pamoja na wanafunzi. Sasa tunajaribu kuihamishia kwenye kibuyu ili waone kinachotokea."

Nilimjibu mbele ya watoto kwamba hakuletwa pale kufundisha nchi zisizokuwepo. Nikaagiza kibuyu kitolewe, na ramani ya ofisini kwangu, ile yenye Greenland iliyovimba, iletwe itundikwe mahali pa ile ya manila. Watoto wakarudi kwenye madawati yao kimya. Kimya kile nilikiita nidhamu. Jioni niliandika ripoti yake. Fomu ilikuwa na nafasi ndogo ya maoni ya jumla, nami niliijaza kwa neno moja: Hafai.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana naye kwenye stendi ya mabasi, akiuza vipuri vya magari. Aliniona kabla mimi sijamwona. Alinipokea begi, akanitafutia kiti cha dirishani. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu." "Marahaba. Bado unafundisha?" "Hapana, Mwalimu. Mambo yale yaliisha." Basi likapiga honi, nikapanda. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno, sikulisema, na maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa tujiulize: katika darasa lile, ni nani aliyefundisha uongo? Kijana yule alisema waziwazi, "Haipo." Ramani yangu haikusema lolote juu ya upotofu wake, nami sikusema kwa niaba yake. Yeye alikuwa akiwaonyesha watoto, kwa makaa na kibuyu, jambo lile lile ambalo kanuni ya Gauss inalithibitisha, na ambalo mimi nilikuja kulielewa nikiwa nimestaafu, mikono imejaa uji wa ngano.

Na ripoti yangu nayo ilikuwa nini, ila ramani bapa? Mtu ni wa mviringo. Ana upande unaouona na upande wa nyuma usiouona. Ukimtandaza kwenye fomu ya serikali, lazima kitu kitavimba na kitu kitabanwa. Sisemi kwamba ripoti zisiandikwe. Nahodha hawezi kubeba tufe la ukubwa unaofaa ndani ya chombo chake, na mkaguzi hawezi kuandika maisha yote ya mwalimu. Kutandaza si dhambi. Dhambi ni kusahau kwamba umetandaza, na kutomwambia atakayeisoma ramani yako ni kipi ulichokihifadhi na kipi ulichokipoteza. Mimi nilihifadhi utulivu wa darasa, nikapoteza akili ya mwalimu. Wala sikuacha hata jani moja la kuandika neno "bado".

Narudi kwenye swali nililoanza nalo. Naam, aliyebuni dunia anao wajibu wa kweli. Hawajibiki kuthibitisha kwamba dunia yake ipo. Anawajibika kulibeba neno lake mwenyewe mpaka mwisho. Akisema dunia yangu ni bapa, na aeleze ukingo wake ukoje. Akisema ni mviringo, hana budi kupokea kila kinachokuja na mviringo: majirani asiowataka, mfalme aliyepungua, bahari asiyoijua. Neno la kwanza ni lake, lakini yanayofuata hutoka ndani ya lile la kwanza. Na ikiwa mtoto wa darasa la sita amekosa usingizi siku tatu kwa ajili ya uadilifu wa nchi ambazo hazipo, sisi tunaoandika juu ya watu waliopo, wenye majina na wenye njaa, tunastahili kukosa usingizi kwa muda gani?

Kijana yule sasa ni mtu mzima mwenye mvi zake. Kama ukurasa huu utamfikia, namwambia hapa nililopaswa kumwambia pale stendi: Mwalimu, somo lako la kibuyu lilikuwa sahihi, na mimi nilikosea. Nisamehe.